Daftari la Saa Zangu

Nilipoanguka mitihani miwili katika muhula wa pili, mkuu wa idara aliniita ofisini kwake akaniambia nisipoenda kwa mshauri wa masomo, nisahau habari ya mwaka wa pili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimetoka Kalamba kuja chuo Kitui kusomea afya ya mifugo, baada ya kukaa nyumbani miaka mingi nikilima pojo na mbaazi, na wenzangu darasani walikuwa wakiniita anti. Kuambiwa niende nikafundishwe jinsi ya kusoma, kama mtoto wa darasa la kwanza, kulinichoma.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, wa zile familia za Waislamu wa hapa mjini ambazo wazee wao walitoka Pwani. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya maktaba. Hakuniambia karibu, alinionyesha kiti kwa kalamu. Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi. Changu ni cha Ukambani, cha kuokota shuleni na sokoni, na hakuchelewa kunionyesha tofauti.

"Unasoma kwa muda gani kila siku?"

"Masaa mingi, Madam."

"Saa nyingi. Ngapi?"

Sikujua. Akanisukumia daftari jipya. "Wiki nzima, kila nusu saa, andika umefanya nini. Usipange chochote. Andika tu."

"Sasa hii daftari nikuletee lini?"

"Daftari hili. Jumanne."

Nilitoka nikiwa nimeuma meno. Wiki hiyo sikuandika kitu. Jumanne asubuhi nilikaa kwenye ngazi za hosteli nikajaza kurasa zote kwa mara moja, nikibadilisha kalamu ili ionekane ni kazi ya siku nyingi. Nilijipa saa tatu za kusoma kila jioni. Jumatano nikajiandikia maktaba, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja.

Alisoma polepole, kidole kikishuka ukurasani. Kilipofika Jumatano kikasimama.

"Ulikuwa maktaba?"

"Ndiyo."

"Jumatano maktaba ilifungwa kutwa. Walikuwa wakinyunyiza dawa ya mchwa. Mimi mwenyewe sikuweza kukaa humu ndani kwa ile harufu." Akafunga daftari. "Ulisoma ukiwa umeziba pua?"

Mlango ulikuwa wazi, na wanafunzi wawili waliokuwa wakingoja zamu yao nje walicheka. Nilichukua daftari langu nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, nikamwambia huyo mama ana madharau na simtaki. Alinijibu bila kuinua macho kwamba mshauri chuoni ni mmoja, na nafasi yangu pia ni moja.

Basi nikaamua kumkomoa. Kama alitaka kujua nilichofanya, nitamwandikia mpaka ajute. Niliandika yote. Niliandika nimelala kitandani saa moja na nusu nikitazama video za watu wakisuka nywele. Niliandika nimegombana na mwenzangu wa chumbani juu ya ndoo. Niliandika dada yangu amepiga simu kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, mama amepiga kuuliza kama anywe dawa kabla ya chai ama baada, dada amepiga tena kuuliza jirani aazimwe jembe ama asiazimwe. Alhamisi, kuanzia saa nne na robo hadi saa tano, niliandika: nimekaa chini ya mti wa darasa la anatomia nikimchukia mshauri.

Jumanne iliyofuata nilimwekea daftari mezani nikakunja mikono. Alisoma kila mstari. Alipofika hapo, alisoma kwa sauti, bila kubadilisha uso.

"Nikimchukia mshauri. Dakika arobaini na tano." Akageuza ukurasa. "Ni nyingi. Lakini si kitu ukilinganisha na hizi."

Alipokuwa akisoma alikuwa akipiga mstari mwekundu chini ya kila simu ya nyumbani. Kuna siku zilifika kumi na moja. Nyingine nilizipokea nikiwa darasani, nikitoka nje na kurudi mwalimu akiwa ameshafuta ubao.

"Huyo ni mama yangu," nilisema. "Baba alikufa. Mimi ndio mkubwa. Unataka niwatupe?"

"Sijakwambia uwatupe. Nimeona saa zako zinakwenda wapi. Waambie utakuwa ukiwapigia saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo simu izimwe."

"Wewe hujui kwetu."

"Sikujui kwenu," alisema. "Najua alama zako."

Niliusukuma mlango ukagonga ukuta. Lakini Jumamosi nilikwenda Kalamba, na baada ya chakula niliwaambia. Mama aliendelea kuchambua pojo. Dada yangu ndiye aliyesimama.

"Kumbe sasa sisi ni wa kuongea na wewe kwa zamu," alisema. "Umekuwa mtu wa ofisi."

"Ni mpaka nimalize mitihani."

"Haya. Zima."

Nikazima. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Mkono ulienda mfukoni wenyewe. Wiki ya pili nilianza kumaliza sura nzima ya kitabu bila kuinuka. Mshauri alinipangia nisome vitu vigumu asubuhi, vya kukariri mchana, na kila baada ya nusu saa nifunge kitabu niandike ninachokumbuka. Nilifanya, na niliendelea kumchukia. Aliendelea kusahihisha Kiswahili changu.

Wiki ya nne, nilipowasha simu saa kumi na mbili nikapiga nyumbani, dada alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Ng'ombe amekufa," alisema. "Alianza kuzaa asubuhi, ndama akakwama. Nimekupigia mpaka nikachoka. Wewe si ndiye unasomea ng'ombe?" Akakata.

Huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa akimpa mama maziwa ya chai na ya kuuzia majirani. Tulikuwa naye tangu akiwa mtamba, hajazaa hata mara moja. Kesho yake sikungoja siku yangu. Niliingia ofisini kwa mshauri bila kubisha.

"Ng'ombe wetu amekufa kwa sababu ya ratiba yako."

Aliweka kalamu chini. Nilimweleza yote, na sauti yangu haikuwa ya heshima. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Pole," alisema. "Ungepokea simu, ungefanya nini ukiwa Kitui?"

"Ningewaambia waite daktari wa mifugo. Yuko pale tu sokoni Kalamba, anakaa karibu na posho mili ya kusaga mahindi."

"Dada yako hamjui?"

Dada anamjua. Walisoma pamoja shule ya msingi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita daktari kwetu bila mimi kusema aitwe. Nilikuwa nimewazoesha hivyo, na nilikuwa nikijisifia.

Mshauri angeweza kuishia hapo. Lakini alisema, "Basi usiniletee mimi kosa hilo." Kwa maneno hayo sijamsamehe mpaka leo, hata kama yalikuwa ya haki.

Mitihani nilifanya na nikapita, pamoja na ile miwili niliyokuwa nimeanguka. Nilikutana naye sokoni Kitui wiki ile matokeo yalipotoka, akichagua nyanya.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Yote?"

"Yote."

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye nyanya zake. Nilibaki nimesimama na kapu langu nikingoja neno lingine. Halikuja, nami sikumshukuru.

Dada yangu hakuongea nami hadi mavuno. Nikienda nyumbani alikuwa akiniwekea chakula mezani na kutoka nje. Siku alipofungua mdomo hakuulizia masomo wala hakutaja ng'ombe. Aliniambia amemwita daktari achanje mbuzi, amekuja na amemaliza, na hata mama hakuulizwa kama aitwe. Aliyasema akinitazama usoni, kwa ukali, kama mtu anayerudisha kitu alichonyang'anywa. Kisha akaniuliza kama nitalala ama nitarudi Kitui leo, maana chumba changu sasa kina magunia.

Nilirudi Kitui.