Sahani Zilizokataa Kulala na Vumbi

Wapenzi wasomaji, jirani yangu, yule mwalimu wa kemia aliyekuwa akifundishia ndani ya lori, amefariki dunia. Habari ilinikuta nanyoa ndevu, nikabaki na povu upande mmoja wa uso, nikalia. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka. Ukiweza kumkumbuka mtu yule bila kucheka, basi hukumjua. Lori lenyewe ni la kaka yangu, anayesafirisha bidhaa kati ya Kolwezi na Kasaji kama alivyofanya baba yetu tangu alipohamia huku kutoka Maniema. Umeme ukikatika, jirani alipanda kabini, akachomeka simu kwenye betri, akawapigia wanafunzi wake. Furaha ikimzidi aliegemea honi, na mtaa mzima ukajua kwamba kuna mwanafunzi aliyepata jibu.

Wanafunzi hao walikuwa wa mwaka wa mwisho, wametawanyika Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji, kila mmoja kwao, mbali na maabara ya chuo. Mwalimu hakutaka wamalize masomo bila kufanya utafiti kwa mikono yao wenyewe. Akabuni utafiti wa nyumbani: kila mmoja apange sahani nyeupe juu ya ukuta wa ua, na Jumamosi aonyeshe kwenye simu vumbi lililotua. Nilimwambia huo ni mchezo wa watoto. Akaniuliza kama najua ninavuta nini puani kila lori linapopita. Na lori lilikuwa la kwetu.

Sahani za Kasaji zilikuja na vumbi jekundu la pikipiki, za Mutshatsha zikaja na masizi ya makaa. Lakini binti mmoja, ambaye kwao ni kando ya barabara ya magari yanayobeba mawe ya shaba kutoka mgodi wa Mashamba, alionyesha sahani zinazong'aa kama za harusi. Wiki iliyofuata, vilevile. Jirani alikasirika kwelikweli. Aliamini binti anazitoa sahani kabatini Jumamosi asubuhi, akamwambia wazi kwamba mtafiti anayedanganya hamalizi chuo, atarudia mwaka. Binti alilia simuni, akaapa kwa roho ya marehemu baba yake kwamba sahani zinakaa ukutani usiku na mchana.

Hasira za jirani hazikuwa za kudumu. Siku ileile magharibi alimpigia tena, akamwomba aelekeze kamera ukutani na asiseme kitu. Nilikuwa naye kabini. Tuliona ukuta, tukaona sahani, kisha mkono wa mama yake binti ukaingia kwenye picha, ukachukua sahani ya kwanza, ukaitumbukiza kwenye beseni. Jirani aliiangukia honi kwa kicheko, na mbwa wote wa mtaa wakamjibu.

Mama alipopewa simu hakuona amekosa nini.

"Tata profesa," alisema, "mi siwezi kulalisha sahani buchafu pa inje. Bageni batasema nini?"

Mwalimu mwingine angemfokea, au angemfutia binti utafiti wake. Yeye alifikiri kidogo.

"Mama, osha tu," alisema. "Lakini mayi ya kwanza usimwange. Weka mu chupa."

Mvutano ukawa juu ya sabuni, kwa kuwa mama aliona kuosha bila sabuni ni aibu nyingine. Wakakubaliana asuuze kwanza kwa maji matupu yaliyochujwa, maji hayo yaende chupani, ndipo sabuni ipite. Chupa moja ya maji ambayo hayakugusa sahani iliwekwa kando, ya kulinganishia. Kaka yangu alizibeba zote kwa lori, pamoja na za wenzake waliosuuza sahani zao mara moja kwa wiki, jirani akakausha maji na kupima kilichobaki. Vumbi la nyumba ile lilizidi la wote. Na kwa kuwa mama hakukosa kuosha hata jioni moja, binti alikuwa na vipimo vya kila siku, wakati wenzake walikuwa na vya wiki. Siku ya kutetea kazi yake alifaulu vizuri, na mama akapiga vigelegele simuni mpaka mmoja wa waliokuwa wakimhoji akasahau swali lake.

Kwenye kilio cha jirani nilimwona mama huyo akiosha vyombo pembeni ya barabara. Lori likapita, vumbi likatua, akaitazama sahani, akaangua kicheko huku machozi yakimtoka. Tulicheka naye. Mji wetu umezoea kupimwa na wageni wanaoingia na kutoka bila kubisha hodi. Marehemu ametufundisha kwamba sayansi ikiingia nyumbani mwa watu, imwamkie kwanza mwenye nyumba, na ikibidi ifuate ratiba ya beseni lake.

Jumamosi iliyopita nilisikia honi. Nilitoka mbio. Kabini alikuwa amekaa yule binti, siku hizi ni msaidizi chuoni, simu mkononi, kiwiko juu ya honi bila kujitambua. Alikuwa anawauliza wanafunzi wapya swali lake la kwanza, kabla hata ya kuwauliza majina.

"Kwenu, nani anaoshaka sahani?"