Mtani Aliyetumwa kwa Kocha

Nilimaliza chuo mwaka juzi na bado sina kazi ya kueleweka. Kwa hiyo timu ya kikapu ya wasichana ya chuo chetu iliponiita kikaoni, nilikuwa na muda wote wa kukiwazia. Hoja ilikuwa moja: kocha abaki au aondoke. Walitaka na sisi tuliowahi kuichezea timu tuseme. Wiki nzima nilibishana na nafsi yangu, asubuhi namtetea, jioni namshitaki.

Kocha ni Mluguru wa Kinole, kule milimani. Mimi ni Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Siku niliyofika uwanjani mara ya kwanza, naogopa hata kuuliza choo kilipo, nilimwamkia shikamoo. Aliitikia vizuri, akauliza kwetu ni wapi. Kusikia Tabora tu, akawageukia wenzangu.

"Haya, mtumwa wangu kaja! Mpeni mipira yote abebe. Kwao ndiyo kazi wanayoijua."

Wasichana wa kwingine walishtuka. Mimi nilicheka mpaka machozi, nikamjibu kwamba nashangaa kumwona Mluguru amesimama kwenye tambarare bila kizunguzungu. Tangu hapo sikujiona tena mgeni Morogoro. Nikikosa mtupo hakunigombeza. Alinitukana kiutani, nami nilimrudishia, na hofu iliyokuwa ikinifuata kila mahali ilibaki nje ya uwanja.

Haya yote niliyasema kikaoni, Jumamosi mchana, katika darasa lenye joto. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeongoza. Kocha alikuwa uwanjani, anasubiri. Nilipokaa, nahodha wa sasa akasimama.

"Dada, wewe unamlilia mzee. Sisi tunaililia timu."

Alieleza bila hasira. Wapinzani siku hizi wanatupia kutoka mbali, lakini kocha bado anawapanga wakabe chini ya goli, vilevile kama enzi zetu. Ukimwambia, anacheka. Bado anawakimbiza kupanda njia ya mlimani, hata yule mchezaji mrefu ambaye magoti yake yamevimba, kwa sababu eti mlima haujawahi kumuumiza mtu. Nilitafuta pa kumpinga, sikupaona. Nilikuwa nimeitazama mechi yao ya mwisho. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Walipoomba mikono ya wanaotaka kocha aondoke, na wangu ulikuwamo.

Kisha ikaja, "Nani atamwambia?" Macho yote yakanigeukia.

"Dada, si wewe ni mtani wake? Hata msibani mtani anasema lolote, na hakuna anayenuna," alisema nahodha.

Mwalimu, mtu wa Bukoba asiyeujua utani wetu, alilipenda wazo hilo. "Afadhali aambiwe kwa utani. Hataumia sana."

Kutoka darasani mpaka uwanjani si mbali, lakini nilitunga mizaha mingi njiani. Nimwambie milima imemkumbuka? Hapana, atadhani namfukuza. Nimwambie watumwa wameasi? Hapana, atacheka kweli, halafu itabidi nimkatishe kicheko. Kila mzaha niliupima, nikautupa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi anamenya chungwa.

"Mtumwa! Leo wamekutwisha mzigo gani?"

Sikujibu. Akangoja kidogo, kisha akanirushia mzaha mwingine, taratibu, kama anayempasia mpira mchezaji aliyechoka. "Au siku hizi Wanyamwezi mnabebea mdomoni?"

Hapo nililia. Akaliweka chungwa chini, akafuta mikono kwenye suruali. Mtani aliyekosa la kurudisha alikuwa ameshasema kila kitu.

"Wameamua niondoke."

"Ndiyo, Kocha."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema sikuwa na kura. Ningeweza kusema nilimtetea, na ingekuwa kweli, nusu yake.

"Na mimi, Kocha."

Aliutazama uwanja mtupu. "Yule mrefu asikimbie mpaka magoti yapone. Waambie." Kisha akasimama. "Pole kwa kutumwa, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Mtu mwingine angefurahi.

Siku hizi timu ina kocha mpya, kijana, na nasikia inaanza kukaa sawa. Nadhani tuliamua vizuri. Nimelifikiria hili kwa kila upande na bado nadhani hivyo. Kila Ijumaa nampigia simu mzee, huko kwao Kinole. Ananiuliza kuhusu kazi, kuhusu wazazi, ananiombea dua. Juzi nilijikaza kumtania. Nilimwambia nimesikia kwamba huko kwao hata mbuzi hufungwa kamba wakilala, wasije wakadondokea kwa jirani.

Nilisikia kuku wake.

"Mbuzi wazima, mwanangu," alisema. "Tunamshukuru Mungu. Wasalimie nyumbani."