Nilivyomwambia Ami Aonje Rangi

Jamani, hili nalisimulia kwa kuwa siku hizi hata ami yangu mwenyewe hulicheka, lakini kwa aibu niliyoipata Mnarani miaka ile ya themanini niliomba ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu.

Nilikuwa natafuta nafasi kwa mwalimu mmoja wa uchoraji pale Malindi, mzee asiyecheka, naye alinipa sharti moja tu: nimletee kesho yake picha ya mtambo mkubwa, kwa wino na rangi za maji, iliyochorwa pale pale mtambo ulipo (ya kunakili gazetini hataki hata kuiona), la sivyo nibaki na kazi yangu ya kuandika vibao vya maduka. Basi nikashika njia na saumu yangu, maana ilikuwa Ramadhani, hadi Mnarani, pale kivukoni, kulikokuwa na tingatinga likisawazisha barabara, kufika nikakumbuka sikubeba kopo la maji ya brashi. Mwenye akili angeokota kopo. Mimi nikaazima glasi kwa mama aliyekuwa akiwauzia chai wafanyakazi wa bara wasiofunga.

Wino ulikwenda vizuri. Nikaingia kwenye rangi, manjano ya tingatinga, kahawia ya udongo, kila mara nasuuza brashi kisha nailamba ncha ichongoke (ndiyo, tabia mbaya, na saumu nimeisahau kabisa), hata yale maji yakawa kama chai ya maziwa iliyokolea. Ndipo ami akatokea, anatoka kwenye feri na wazee wawili wa msikitini.

"Shikamoo, ami."

Akainama. Macho yalikuwa kwenye glasi. "Mchana kweupe, mwanangu? Na Ramadhani hii?"

"Wallahi si chai, ami, ni rangi!" Nayasema hayo ulimi wenyewe wa manjano. Wazee wakaleta astaghfirullah, nami kwa kupaparika nikamnyooshea glasi: "Basi onja mwenyewe uhakikishe!"

Kumwambia mtu aliyefunga aonje! Wafanyakazi wakatupa masepetu wakacheka, na dereva wa tingatinga, mtu wa Kisumu mwenye huruma zake, akashuka. "Mzee, mimi sifungi. Wacha nionje." Akapiga funda kubwa, akatema puu, yote juu ya picha yangu. "Ni rangi, mzee. Tena mbaya sana!"

Ami akasadiki. Mimi nilitaka kulia, ila nikasema siondoki hapa mikono mitupu, wacheke mpaka mbavu ziwaume. Nikaketi juani, nikayatandaza yale matone kwa brashi yakawa vumbi linalotimka nyuma ya minyororo ya tingatinga, sikuinuka mpaka nikamaliza, ami amesimama kunikinga jua kwa mwavuli wake (na kunikemea kila brashi ikikaribia mdomo).

Kesho yake mwalimu aliitazama picha kwa muda. "Mtambo ni wa kawaida," akasema, "lakini vumbi hili siku moja utanifundisha ulivyolipata."

Nafasi nikapata, kumfundisha sijathubutu. Saumu ya siku ile niliilipa, na tangu hapo Ramadhani ikiandama, mimi ni penseli tu.