Kamba ya Bi Mkubwa

Jua halijafika ukuta wa uani, na Bi Mdogo ameshalowa mpaka viwikoni. Amelibana jani la mkonge juu ya ubao, analipara kwa panga butu. Maji ya kijani yanachuruzika, nyuzi nyeupe zinabaki mkononi. Utomvu unawasha. Anajikuna kwa kiwiko, anacheka.

"Mvi zote hizi, bado naitwa Bi Mdogo," anasema. "Cheo hiki hakina kupanda."

Ni mke wa pili wa fundi kamba aliyefariki miaka tisa iliyopita. Mke mwenzake, Bi Mkubwa, amelala chumba cha mbele. Mwaka jana kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia na kumfunga ulimi.

Kamba ya leo si ya kuuza. Itapita ukutani, toka kitandani kwa Bi Mkubwa hadi mlango wa uani, aishike anapojifunza upya kutembea.

Marehemu alipowafundisha kazi, wake zake walikuwa paka na panya. Lakini kamba nene haitaki mtu mmoja. Mmoja huzungusha mpini wa kusokotea, mwingine hurudi kinyumenyume akiongeza nyuzi. Wakasokota hivyo miaka ishirini na sita, karibu bila kusemeshana.

"Tulikuwa na maneno mawili: kaza, na basi. Mengine tuliwatuma watoto. Mtu yuko pale, namwona, namwambia mwanangu, 'Kamwambie mama mkubwa chumvi imekwisha.' Naye anajibu kwa mtoto huyohuyo!"

Zamani waliuza kamba kumi kwa wiki. Siku hizi zikitoka mbili ni bahati. Wafugaji wamehamia za plastiki. Bi Mdogo halalamiki. Kinachomkaba ni jioni moja baada ya matanga ya mume wao.

"Bi Mkubwa alikuja akakaa kando yangu. Akasema, 'Mwenzangu, tumebaki wawili.' Nilikuwa na la kumjibu. Nikaona haya, nikasema kesho. Kesho yake tukashika kazi, na yeye hakurudia. Sasa ninaongea kutwa nzima, naye hawezi hata kunikatiza."

Anafuta macho kwa mkono wa gauni. Viganja vina utomvu.

Alasiri nyuzi zimekauka na kusokotwa, na kamba imekazwa ukutani kwa misumari mikubwa. Bi Mdogo anamwinua mwenzake. Bi Mkubwa anaipapasa kwa mkono wa kushoto, anaivuta kwa nguvu kama anayekagua, kisha anaburuta mguu. Anafika mlangoni akihema, jasho likimtiririka. Mtoto wa kwanza wa Bi Mkubwa, aliyekuja kusaidia kuzungusha mpini, anageukia ukuta kuficha machozi.

Hapo ndipo Bi Mdogo anagundua kosa. Mwenzake akigeuka kurudi, kamba itakuwa upande wa mkono uliopooza.

"Basi hii ni ya kwendea," anasema, akikusanya nyuzi zilizobaki. "Kesho naanza ya kurudia, ukuta wa pili. Mpaka iishe, atarudi kwa bega langu."

Anamtazama Bi Mkubwa, aliyeegemea mlango, macho yake nje.

"Akikubali."