Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Kwa miaka mingi niliamini kabisa kwamba ng'ombe wa India hawana mwenyewe. Niliambiwa na kinyozi wangu wa Kijenge, pale Arusha, mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Moshi, na akarudi siku hiyohiyo kwa sababu hakupenda maji ya kule. Alisema, huku wembe ukiwa shingoni mwangu kwa hiyo sikuwa katika hali ya kubisha, kwamba ng'ombe wote wa India ni watumishi wa serikali. Wanazaliwa barabarani, wanapangiwa vituo vya kazi kama walimu, wanaongoza magari, na wakizeeka wanastaafu kwa heshima. Ukimgusa mmoja tu, maduka ya mji mzima yanafungwa.

Habari hiyo niliibeba hadi masomo ya jioni. Nikasimama kwenye kipindi cha uraia nikaieleza kwa mifano, darasa likanipigia makofi hadi popo wakahama darini. Mwalimu alikuwa amesinzia, nami nikauchukua usingizi wake kuwa kibali.

Masomo hayohayo ndiyo yaliyonipeleka Delhi. Chama chetu cha wafugaji wa maziwa kilialikwa kwenye maonyesho ya mashine za kukamulia, na kwa kuwa cheti changu kilikuwa na alama ya Kiingereza isiyotia aibu, nikawa mkalimani. Baba mkubwa, mzee wa kanisa kule Olasiti na mzee zaidi wa ng'ombe, alikubali kwenda kwa sharti kwamba na mimi niwepo. Siku ya kuondoka, mama mkubwa alinivuta pembeni.

"Unamwona huyu? Hajawahi kulala mbali na ng'ombe wake. Akisikia kengele ya ng'ombe anasahau hata jina lake. Ukirudi bila yeye, usirudi."

Hakucheka. Nilitafuta kicheko usoni mwake pande zote, sikukiona.

Maonyesho yakaisha salama. Siku ya mwisho tukapewa basi na kijana wa kutuongoza, Mhindi mwembamba mwenye mwavuli wa rangi ya chungwa aliokuwa akiuinua juu ili tusipotee. Ratiba ilikuwa mnara, kisha ngome, kisha soko, na kutoka sokoni moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Kwenye mnara nilifanya kazi ya kutukuka. Yule kijana akisema sentensi moja, mimi natoa hotuba. Alisema mnara ni wa zamani sana. Mimi nikaongeza tembo waliobeba mawe, na tembo mmoja aliyekataa, na mke wa mfalme aliyembembeleza yule tembo hadi akakubali.

"Mkalimani," akaniita mama mmoja wa Kimeru, mwenye kahawa na migomba yake kule mlimani na ng'ombe watatu wa ndani, "mwanangu, mbona yeye kasema maneno manne na wewe umetoa mahubiri?"

"Kiingereza ni lugha ya kubana, mama. Kikifika kwenye Kiswahili kinafunguka."

"Haya. Basi mwulize: kwetu kitu kikiwa kirefu hivi kinatuletea mvua. Huu unaleta nini?"

Nikauliza. Kijana akautazama ule mnara muda mrefu, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Watalii," akajibu.

Ngome ilikuwa nyekundu na kubwa, sawa na Arusha nzima pamoja na Usa River. Lakini pale hatukutazama kitu, tulitazamwa sisi. Baba mkubwa alikuwa amevaa shuka lake jekundu na kushika fimbo, na jinsi alivyosimama mbele ya ule ukuta mwekundu ungedhani amejengwa pamoja nao. Familia za Kihindi zikapanga foleni kupiga naye picha. Akina bibi, maharusi, polisi mmoja, watoto wakamwagika kama siafu.

"Nimetoka Olasiti kuja kutazama," akaninong'oneza huku akitabasamu kwa ajili ya simu, "sasa mimi ndiye twiga wa mbuga ya Momela?"

Tukaingia sokoni jua likianza kulegea. Pilipili iliyokuwa inasagwa mle ilinitoa machozi ya kumwagilia migomba ya Meru msimu mzima. Na katikati ya njia, kati ya bajaji na mikokoteni, amesimama ng'ombe jike wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, anacheua, hana haraka na mtu. Baba mkubwa akasimama.

"Huyu ni wa nani?"

"Hana mwenyewe, Baba. Ni wa serikali. Si niliwaeleza kwenye ndege?"

"Serikali gani inakamua?"

Nikatazama huku na huku kumtafuta mtumishi wa serikali mwenye ndoo.

"Tazama kiwele," akasema. "Kimejaa. Jua linashuka na hakuna mtu anayemwita."

Akainama, akamshika sikio la kushoto, akalipindua, akaja la kulia. Alikuwa anatafuta mkato. Kwetu sikio la ng'ombe ni anwani. Ukiusoma mkato wake unajua ukoo, na ukishajua ukoo unajua boma. Mimi nikafumba macho nikisubiri maduka ya Delhi yafungwe. Muuza vitunguu akaendelea kuuza vitunguu.

"Hana alama," Baba mkubwa akasema, kwa sauti ya daktari anayeleta majibu mabaya.

Na kwetu ng'ombe mgeni ukimkuta jioni humpiti. Unamswaga taratibu, unapaza sauti, mpaka mtu ajitokeze. Mwanamume aliyempita ng'ombe aliyepotea atasemwa hadi kwenye harusi ya mjukuu wake. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilichofikiria ni kwamba Delhi haimo kwenye hesabu hiyo.

"Baba, twende, basi linasubiri."

"Tangulia."

Na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, nikatangulia.

Kwenye basi kijana alituhesabu kwa ncha ya mwavuli. Akahesabu tena. "Yule mzee wa nguo nyekundu yuko wapi?"

 Ndege haisubiri mtu, na sauti ya mama mkubwa ilikuwa imeniwahi pale: usirudi. Nikaanza kujipangia maisha mapya Delhi. Ningeoa hapohapo, ningeuza vitunguu.

Dereva akawasha injini. Yule mama wa Kimeru akainuka, akasimama mbele yake, akafunga kitenge vizuri. "Tuombe," akasema, na akaanza sala ya safari. Wenye kujua urefu wa maombi ya akina mama wa usharika wetu wanajua kwamba dereva yule alikuwa ametekwa. Aliinamisha kichwa. Injini ikazimwa. Mama akafumbua jicho moja, akaniangalia: "Kimbia, we mtoto!"

Tukakimbia mimi na yule kijana na mwavuli wake. Na Mungu ni mkubwa, kwa sababu kila tuliyemwuliza alitoa simu yenye picha yake. Baba mkubwa na muuza juisi, ng'ombe nyuma yao. Baba mkubwa na watoto wa shule kwenye kona ya msikiti, ng'ombe pembeni. Baba mkubwa na fundi viatu, mkia wa ng'ombe tu unaonekana, unaingia uchochoroni.

Uchochoro uliishia kwenye uwanja mdogo wenye harufu ya samadi na moshi wa chai. Yule ng'ombe amefungwa kwenye kigingi. Bibi mmoja wa Kihindi amechuchumaa, anakamua. Na Baba mkubwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kikombe mkononi, kama baba wa bwana harusi.

"Shikamoo Baba!" nilipiga kelele, nusu kilio.

"Marahaba. Punguza sauti, anakamuliwa." Akanywa chai. "Umeona? Alikuwa amepotea. Nimemfikisha kwao."

Nikamwomba kijana amwulize bibi ilikuwaje ng'ombe wa serikali akaishia uani kwake. Bibi alicheka mpaka akaachia chuchu. Maneno yake yakapita kwa kijana yakaja kwangu, na kwa mara ya kwanza siku ile niliyafikisha kwa Baba mkubwa kama yalivyo, bila tembo hata mmoja:

"Ng'ombe ni wangu. Kila asubuhi namkamua, namfungulia akatafute chakula, na kila jioni anarudi mwenyewe. Leo amerudi na mgeni."