Mwendo wa Msiba Juu ya Debe

Mwaka ule maduka ya Same yalianza tena kuwa na sabuni na sukari, na mitumba ikamwagwa sokoni, lakini shamba la mkonge alikofanya kazi baba likafungwa. Akarudi kwetu Vudee na kikohozi cha vumbi la singa, zile nyuzi za mkonge. Zahanati haikuwa na dawa. Kila mtu alijua kikohozi kile kinaelekea wapi, isipokuwa mimi niliyekataa kujua.

Zamani baba alipiga ngoma ndogo, ile yenye waya chini, katika bendi ya matarumbeta ya usharika. Sasa pumzi za kupanda hadi kanisani hakuwa nazo, akaniambia mimi binti yake nishike nafasi yake. Ngoma yenyewe ilikaa kanisani, kwa hiyo nilijifunzia uani, juu ya debe lililofunikwa kitambaa, chini ya dirisha lake. Kulia, kushoto, kulia kulia. Kushoto, kulia, kushoto kushoto. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mvivu balaa! Nikikosea tu, baba aligonga ubao wa kitanda, ko, nianze upya. Nilikasirika hadi kutamani kuvitupa vijiti korongoni.

Siku moja akasema kutoka ndani, "Leo mwendo wa msiba. Toa hicho kitambaa, nataka kuusikia vizuri."

"Kwani nani amekufa, baba?"

"Wewe piga."

Nikapiga, taratibu, mchana kutwa. Jamani! Kijijini kwetu mwendo ule wa kusindikizia jeneza haupigwi hovyo. Kabla ya jioni majirani walikuwa wanapandisha njia yetu kwa mstari, kina mama na mizigo ya kuni kichwani kama tunavyokwenda msibani, na wa mbele analia kabisa. Baba akatokea mlangoni, kajifunga blanketi.

"Karibuni," akasema. "Mbona mapema hivyo?"

Wengine walicheka. Mama hakucheka. Kuni zilizobebwa kwa ajili ya msiba, hakuna aliyethubutu kurudi nazo kwake. Wakazitua ukutani na kamba zake, wakaaga kwa aibu.

Mama alikataa kuzitumia. Kila asubuhi alizipita akaenda kutafuta nyingine. "Hizo si za kupikia uji," alisema, basi. Nilizichukia zile kuni. Niliogopa hata kuzitazama, na kila nilipokaa kwenye debe zilikuwa mbele yangu.

Vuli ikaja, zikalowa. Tuliendelea na mazoezi, nami nikikosea baba aligonga, ila kila wiki kwa sauti ndogo zaidi. Ilibidi nizuie pumzi ndipo nimsikie.

Asubuhi moja niliamshwa na panga nje. Mama alikuwa anakata kamba za zile kuni.

Nilichukua vijiti, nikakaa palepale chini ya dirisha, nikaanza mwendo wa msiba bila kitambaa. Nikakosea, mkono uleule wa kushoto. Nikasimamisha vijiti, nikazuia pumzi, nikangoja agonge.