Kitabu ya Redio Koli

Mpaka leo nikikumbuka ile kitabu ya redio koli, damu inanipanda. Kitabu haikuwa na makosa. Makosa ilikuwa ya wanaume wawili waliojua kusoma.

Ilikuwa miaka ya themanini. Shemeji yangu, ndugu ya marehemu bwana yangu, alikuwa na lori mbili za kwenda Merti. Akanunua redio mbili, zile za kuitana na kujibizana, moja ikae kwa duka ya Merti, ingine kwa ofisi yake hapa Isiolo, ili habari yote ya biashara ipitie hapo. Ilikuja na kitabu nyembamba. Karani wake, mtu wa Meru, akatusomea jalada na sauti ya mtu wa taarifa: "Mwongozo kwa wanaoanza." Shemeji akanyanyua kidevu, hivi, kama ngamia amekataa kupiga magoti. "Miaka ishirini kwa barabara, mimi naanza? Ruka hiyo ya mbele."

Wakaruka. Wakasimamisha mlingoti nyuma ya ofisi, kwa udongo kavu kama makaa. Wakawasha. Shhhh tu. Merti hakuna.

Na mimi msichana yangu alikuwa huko Merti, mimba ya kwanza, miguu imefura. Tulipatana ikizidi aite kwa redio, lori imlete hospitali hapa. Siku tatu nakaa kwa hiyo ofisi nasikiza shhhh. Nikiuliza, karani anasafisha koo: "Mama, hii ni mambo ya kiufundi." Kiufundi gani, na yeye anaingilia kitabu kutoka nyuma kama mwizi wa dirisha?

Siku ya nne wakaenda chai, kitabu ikabaki kwa meza. Mimi sijui a wala be, basi nikaanza pale mtu huanza, mbele. Picha ya kwanza, mlingoti. Ya pili, chuma imefungwa waya ya redio, imepigwa chini karibu na mlingoti, na mtu ameinama na ndoo anaimwagia maji. Ya tatu, huyo mtu anaongea na redio, meno yote nje. Nikachungulia nyuma ya ofisi. Chuma iko, waya iko. Maji je?

Waliporudi nikawaonyesha. Shemeji akasema hizo ni picha za watoto. Lakini karani akasoma maneno ya chini yake, na ile sauti ya taarifa ikamfia mdomoni: kwa nchi kavu, mwaga maji kila siku, ndio redio ishike.

Sasa maji ya kumwaga utatoa wapi, na bomba ilikuwa inakohoa hewa? Nikauliza shemeji, birika yenu ya udhu mnamwaga wapi? Adhuhuri hiyo wakapanga mstari, yeye na wapakiaji wake wote, wakatawadha juu ya chuma. Shemeji aliosha miguu bila kuniangalia. Alasiri wakarudia.

Hawajamaliza kuswali, redio ikaongea, sauti ya msichana yangu. "Hooyo, mama, unanisikia? Tangu juzi naita. Nikisimama naona giza."

Shemeji mwenyewe aliagiza kwa redio lori iliyokuwa Merti iondoke saa hiyo, na sauti ya mtu amemeza mfupa. Msichana alifika, akajifungua hospitali, wote wawili wazima.

Siku ya kupea mtoto jina, shemeji alichinja mbuzi, akaelezea wageni vile aliweka redio na mikono yake, kidevu juu. Nikamwacha amalize. Halafu nikaomba karani alete kitabu, awasomee wageni ile ya mbele waliyoruka, kuanzia jalada.